Mama Nukta na Sauti ya Debe

Ofisi ilipokuja kujua kwamba macho ya Mama Nukta yamekwisha, vitabu vilikuwa vimeshafika madarasani. Katika kitabu cha kusoma cha darasa la pili, chini ya picha ya kuku aliyelalia kiota, palichapwa kwa herufi kubwa nzuri: “Kaka anataga mayai.” Watoto walicheka mpaka wakatokwa na machozi. Walimu nao walicheka. Mzazi mmoja alipiga simu kuuliza kama huyo kaka ameshaoa. Ofisini hakuna aliyecheka, maana kila mtu alijua kitabu kile kilipita mikononi mwa nani.

Alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu vya shule, na jina la Mama Nukta alipewa na wenzake kwa sababu nukta haikuwahi kumponyoka, wala mkato, sembuse kuku mzima. Lakini presha ya macho haimjui mhariri wala mkulima. Ilianza kumla pembeni, akawa anagonga fremu za milango na kusingizia viatu vipya. Kisha ikasogea katikati. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi. Akalificha jambo hilo kazini, na jioni akawa anampa mumewe miswada amsomee. Mume alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alimpenda mkewe kwa moyo wote, ila alisoma kama mtu anayesoma vibao vya barabarani: analoliona la maana analitaja, mengine anayapita kwa kasi. Kaka mtaga mayai alipita hapohapo.

Mkurugenzi wa kampuni alikuwa mama mwenye sauti ya upole, sauti ambayo ingeweza kukuachisha kazi ukadhani umeombewa dua. Alimwita ofisini, akamshika mkono mpaka kwenye kiti.

“Sikufukuzi, dada,” alisema. “Nataka ukae mapokezi. Simu ni nyingi, sauti yako nzuri, mshahara haugusiki.”

“Na miswada?”

“Miswada inataka macho.”

“Miswada inataka Kiswahili,” Mama Nukta akajibu. “Nimekaa nacho miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume wangu. Nipe muda nitafute njia ya kukifikia.”

Mkurugenzi alitazama kalenda ukutani. Alikuwa na shule zinazomsubiri na kaka anayetaga. Mwishowe alisema, “Mswada wa darasa la nne utaingia baada ya likizo. Kama kufikia siku hiyo utaweza kuusoma mwenyewe, bila mumeo, uchukue. Kama huwezi, tusisumbuane tena.”

“Hatutasumbuana,” Mama Nukta alisema, akainuka, akagonga pembe ya meza kwa nyonga, akaenda zake bila kusema aa.

Kompyuta zote za ofisi zilitumia mfumo endeshi wa kulipia. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote, na huu wa ofisi ulilipiwa leseni kila mwaka. Ndani yake mlikuwa na msomaji, sauti inayomtajia asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo. Mama Nukta aliiwasha, akavaa visikilizio, na kwa asubuhi moja alikuwa mtu mwenye furaha. Sauti ilikuwa ya kike, nyororo, kama ya mtangazaji aliyelala vizuri. Ilimpeleka kila mahali bila kukwama: hapa ni barua, hapa ni makabrasha, hapa funga. Kisha akaifungulia hadithi ya Kiswahili.

“Pole” ikawa “poul”. “Wake wa mfalme” wakawa “weik wa mfalmi”. Ilipofika kwa ng’ombe ilisimama, ikamsoma herufi kwa herufi kama namba ya gari.

Aliyeketi meza ya pili alikuwa mpangaji kurasa, mtu mrefu aliyeitwa Rula kwa sababu hakuna mstari uliopinda mbele yake ukapona. Alisikia sauti ikivuja kutoka kwenye visikilizio, akasema, “Huyo dada ameshuka lini kwenye ndege?”

Mama Nukta hakucheka. Alipiga simu kwa waliouza mfumo. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu tele.

“Sauti ya Kiswahili haimo kwenye toleo mlilonunua, mama. Ombi lako tumelipokea.”

“Basi nionyesheni mahali palipoandikwa namna ya kutamka. Nitawarekebishia mimi, bure.”

“Sehemu hiyo imefungwa, mama. Hata sisi hapa hatuwezi kuifungua.”

“Sasa nani anaweza?”

“Ombi lako tumelipokea, mama.”

Alirudisha simu mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuivunja kwa makusudi.

Mumewe alikuwa na dada yake, fundi wa kompyuta katika chuo cha ufundi, na katika familia ile utani ulikuwa mmoja usiozeeka: wifi akija, na mtandao unakuja. Jumapili iliyofuata wifi huyo alikuja, akamkuta mke wa kaka yake amekaa jikoni, chai imepoa, akisimulia habari za kijana wa simu mara ya tatu.

“Wifi yangu,” fundi alisema, “unateseka kama mpangaji. Kugonga msumari mmoja ukutani mpaka umtafute mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapokei simu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.”

“Wewe una nguo gani ya kunipa?”

“Upo mfumo huria. Haulipiwi, lakini hilo tuliache kando, maana watu wakisikia bure hawasikii kingine. La maana ni kwamba kila kilichomo kimeachwa wazi. Unataka kukisoma, kisome. Unataka kukibadilisha, kibadilishe. Unataka kumpa jirani, mpe.”

“Na bati likivuja?”

“Bati ni lako, wifi. Sikufichi. Hakuna wa kumpigia kelele. Utapanda mwenyewe uzibe.”

Mama Nukta aliisogeza chai pembeni. “Ngazi iko wapi?”

Waliuweka mfumo huo kwenye laptopu ya zamani ya pale nyumbani, ile ambayo toleo jipya la mfumo wa kulipia lilikuwa limeikataa kwa uzee. Iliamka bila kusitasita. Mume alisimama mlangoni akiitazama. “Kumbe si uzee,” alisema. “Ilikuwa dharau tu.” Lakini sauti yake ya kusomea ilipofunguka, wote watatu walirudi nyuma. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyebanwa pua akafungiwa ndani ya debe. Jirani aliuliza dirishani kama redio yao imeharibika.

“Hiyo ndiyo nguo yangu?” Mama Nukta aliuliza.

“Subiri. Mpe Kiswahili.”

Fundi aliandika sentensi. Debe likasema: “Watoto wanakwenda shule asubuhi.” Lilisema vibaya, kwa mlio wa bati, lakini kila neno lilikanyaga pale linapotakiwa kukanyaga. “Shule” ilikuwa shule. Mtu fulani, mahali fulani, asiyelipwa na yeyote, alikuwa amekaa akaifundisha mashine kwamba Kiswahili hutamkwa kinavyoandikwa. Mama Nukta aliweka kiganja mdomoni.

Kisha akaanza kulipekua kama alivyozoea kupekua waandishi wageni. Baada ya siku chache alikuwa na madhambi yake yote kichwani. Mbwa alikuwa “bwa”, kama mtu anayetema ganda. Nchi ilikuwa “chi”. Na ng’ombe alikuwa kituko: ng’ombe aliyeandikwa na Mama Nukta mwenyewe pale nyumbani alisomwa vizuri kabisa, ila ng’ombe aliyetoka ofisini alikatika katikati, “ngg, ombe”, kana kwamba amechinjwa.

“Ng’ombe mmoja hawezi kuwa na matamshi mawili,” alimwambia wifi yake. “Kuna kitu.”

Fundi aliwaweka ng’ombe wote wawili kwenye kioo, akawakuza, akawakagua. Akaanza kucheka. “Wifi, hizi ritifaa, hivi vialama vya juu baada ya ng, ni mbili tofauti. Yako imesimama wima kama msumari. Ya ofisini imepinda, ina kichwa na mkia kama kiluwiluwi. Programu ya ofisi inazipinda zenyewe ili zipendeze. Debe linaujua msumari, kiluwiluwi halijawahi kukutana naye.”

“Liambie basi.”

“Ndilo hilo tunalofanya.”

Alifungua faili. Lilikuwa la maandishi ya kawaida tu, lenye mistari mingi: upande wa kushoto herufi, upande wa kulia sauti yake. Akamsomea: ch inatamkwa hivi, dh hivi, ny hivi, mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho. Mama Nukta alisikiliza huku mgongo ukimnyooka.

“Hii ni sarufi,” alisema. “Kuna mtu ameandika sarufi na mashine inamtii! Kwa nini mlinificha miaka yote hii?”

“Nani akufiche? Limekaa wazi hili, kila anayetaka analisoma.”

“Mimi niliambiwa pamefungwa.”

“Kule ulikoambiwa, pamefungwa kweli.”

Waliongeza mstari mmoja, wa kiluwiluwi. Wakaligeuza faili kuwa sauti, wakaurudisha mswada wa ofisini, na debe likatamka “ng’ombe” kwa pua yake yote, vizuri kuliko watangazaji wengine. Mama Nukta aliliamuru lirudie. Akaliamuru tena. Mume alipotoka kuoga alikuta wanawake wawili wazima wanasikiliza neno ng’ombe kwa nyuso za watu walio harusini, akapita kimya akatafuta chakula.

Mbwa alikuwa na kichwa kigumu zaidi. Waliandika kanuni kwamba m ikitangulia b mwanzoni mwa neno, isimame peke yake. Mbwa akapona papo hapo, mbu naye akapona. Fundi alivikusanya viraka vyote viwili, ndivyo mafundi wanavyoyaita marekebisho kama hayo, akavituma kwa mlezi wa sauti ile, mzee mmoja wa nchi ya baridi ambaye kazi yake, ya kujitolea, ilikuwa kupokea marekebisho ya lugha mbalimbali na kuamua yapi yaingie. Jibu lilikawia mpaka likasahaulika. Lilipofika, fundi alilitafsiri kwa sauti ya tahadhari.

“Kiraka cha ritifaa amekipokea. Anashukuru. Kiraka cha m amekirudisha.”

“Amekirudisha? Yeye anajua Kiswahili?”

“Hajui, na amesema hivyo. Ila alimpa mtu mwingine anayejua Kiswahili akijaribu, na huyo mtu amelalamika. Sikiliza.” Akabonyeza. Debe likasema: “M-bili. M-begu. M-buzi.” Lilikuwa kama mtu mwenye kwikwi.

Mama Nukta aliinamisha uso. Alikuwa amewarudishia waandishi makosa ya namna hiyo maisha yake yote, kwa kalamu nyekundu. Sasa kalamu imemfikia.

“Mwishoni ameandika hivi,” fundi aliongeza. “‘Mimi siwezi kuamua juu ya lugha nisiyoijua. Naomba uamue wewe.’”

“Ameandika hivyo?”

“Ameandika hivyo.”

“Basi mwambie asubiri.”

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kunung’unika peke yake. Aliosha vyombo akipiga makofi kwa kila silabi: mbu-zi, mbe-gu, mbi-li. Alifua akiimba nzi, nge, nchi, nta. Mumewe alimuuliza kama ana homa. Alikuwa anamenya viazi ndipo kisu kikasimama. Mbuzi ana irabu mbili. Mbwa ana moja. Nchi ina moja. Mbu, nzi, nge, nta, moja, moja, moja.

Alimpigia wifi yake mikono ingali na maji. “Neno la Kiswahili halipendi kusimama kwa mguu mmoja,” alisema hata kabla ya salamu. “Likiwa na irabu mbili lina miguu miwili, ile m mbele ya b inapanda mgongoni na kubebwa. Mbunge na ndugu zake tutawaandikia orodha yao baadaye. Likiwa na irabu moja linayumba, kwa hiyo m inateremka inakuwa mguu wa pili. Mm-bwa. Nn-chi. Na mkazo unaangukia palepale. Unaweza kuliandikia hilo kanuni?”

Upande wa pili wa simu vidole vikasikika vikigonga vitufe. “Wifi,” fundi alisema, “hilo ndilo ninaloweza kuliandikia. Ya juzi ndiyo iliyokuwa ya kubahatisha.”

Mzee wa nchi ya baridi alikipokea kiraka hicho bila neno la ziada, isipokuwa swali moja: je, bibi huyu angekubali kuwa msimamizi wa sauti ya Kiswahili? Maana aliyeianzisha aliiacha zamani na hakuna aliyekuwa akiiangalia. Mama Nukta alisema atajibu akimaliza kazi yake kwanza. Likizo ilikuwa imekwisha, na mswada wa darasa la nne umeingia.

Alikwenda ofisini na laptopu kuukuu kwapani. Rula aliitazama kama mtu aliyeletewa punda kwenye gereji.

“Sikiliza, Mama Nukta, nakuheshimu,” alisema. “Lakini cha bure nacho kina bei yake, na safari hii bei ninalipa mimi. Programu yangu ya kupangia kurasa haikubali kabisa huo mfumo wako. Juzi umenirudishia faili la majaribio, majedwali yote yamepinda kama bati lililopitiwa na kimbunga. Nani ameyanyoosha? Mimi. Huku kwangu nalipa, ndiyo, lakini nikifungua asubuhi kila kitu kiko nilipokiacha.”

“Umesema kweli,” Mama Nukta alijibu.

Rula alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

“Majedwali usiniletee,” Mama Nukta aliendelea. “Nipe maneno matupu, bila masanduku wala mistari. Mimi nitayasafisha maneno, wewe utayavisha. Kila mtu na fani yake.”

Akaanza. Alilifundisha debe kutaja kila alama kwa jina lake, kwa hiyo hadithi za watoto zilisomwa hivi: “Sungura akakimbia mkato akajificha nukta.” Mwanzoni wenzake waliona wataingia wazimu. Yeye aligundua kitu ambacho macho yake hayakuwahi kumpa. Neno lililorudiwa mara mbili, ambalo jicho huliruka kwa mazoea, sikio lililidaka kama jiwe kwenye mchele. Sentensi ndefu zisizo na pumzi zilijifichua zenyewe: debe lilikwenda, likaenda, likaenda, mpaka yeye mwenyewe akajikuta anahema. Alizikata bila huruma. Mwandishi mmoja alipolalamika, Mama Nukta alimwekea visikilizio masikioni, akamsikilizisha sentensi yake. Mwandishi alivivua, akasema zikatwe.

Asubuhi ya kukabidhi, alifanya kosa ambalo fundi yeyote angemkataza. Laptopu ilimwomba aruhusu masasisho, naye akaruhusu, huku Rula akiiunganisha na kioo kikubwa cha ofisi ili Mkurugenzi aone kazi. Mashine ilizima, ikawaka. Debe halikusema kitu. Alibonyeza kitufe hiki na kile. Kimya. Kwake yeye kimya kile kilikuwa giza la pili. Mswada wote ulikuwa mle ndani, na hakuwa na mlango.

Akampigia wifi yake.

“Umeapdeti siku ya kukabidhi kazi?” fundi alipiga kelele. “Wifi! Hata mimi sithubutu!”

“Nitukane baadaye. Sasa niambie nifanye nini.”

“Siko karibu. Itabidi uandike amri mwenyewe bila kusikia, na mtu akusomee kioo kinasema nini. Kuna nani hapo?”

Mama Nukta aligeuza uso upande wa meza ya pili. Rula alikuwa hapo, na alikuwa na haki zote za kusema nilikwambia. Alivuta kiti chake, akakiweka karibu, akasema, “Sema ninachotakiwa kutazama.”

Fundi alitaja vitufe vya kubonyeza, ukurasa mweusi ukafunguka. Akaanza kutaja amri, herufi moja moja, na Mama Nukta akaandika kwa vidole vilivyokijua kibao tangu enzi za taipureta.

“Inasema amri haijulikani,” Rula alisoma.

“Msomee nilichoandika.”

Rula alisoma, herufi kwa herufi. Fundi alisikiliza, akasema, “Nafasi. Mmesahau nafasi moja baada ya neno la kwanza.”

“Mimi kukosa nafasi!” Mama Nukta alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikaribia kucheka. Akafuta, akaandika upya. Rula akaanza kusoma orodha ya vifaa iliyotokea, polepole, kwa uangalifu uleule aliozoea kupimia pambizo. “Kuna spika za mashine. Kuna kioo cha nje. Alama iko kwenye kioo cha nje.”

“Haya basi!” fundi alisema. “Sauti ipo. Inapelekwa kwenye hicho kioo chenu kikubwa, na kioo hakina spika. Inasema peke yake humo. Andika hii.”

Akataja amri nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Mama Nukta aliiandika yote, akaweka kidole juu ya kitufe cha mwisho, akauliza, “Rula, iko sawa?” Rula aliipitia mara mbili. “Iko sawa.” Akabonyeza.

“Kidirisha cha amri mkato tayari nukta,” debe lilitangaza kwa sauti iliyojaza chumba kizima.

Mtu wa hesabu alipiga makofi kutoka pembeni. Rula alijipangusa paji la uso. “Sikutegemea kwamba siku moja nitafurahi kulisikia,” alisema. Kisha akateremsha sauti. “Huu wangu wa kulipia nao uliwahi kunizimikia hivihivi, katikati ya kitabu. Tofauti ni kwamba mimi nilikaa nikingoja. Nyinyi mmeingia ndani mkaitoa sauti yenu.”

Mkurugenzi aliuchukua mswada, akampa mhariri mwingine aupitie kwa macho. Ulirudi na alama chache: kichwa kimoja cha habari kilikuwa na herufi za umbo tofauti na vingine, na maelezo ya picha ya mto yalikuwa chini ya picha ya mlima. Katika maneno yenyewe hakikupatikana kitu. Mkurugenzi alimwita Mama Nukta, na safari hii hakumshika mkono, alimwacha apate kiti mwenyewe.

“Mapokezi nitamtafuta mtu mwingine,” alisema. “Maneno ni yako. Picha na maumbo ya herufi atapitia Rula kabla ya kwenda mtamboni. Lakini nina swali. Kama huo mfumo huria unafanya haya yote, kwa nini tusihame ofisi nzima, nikapumua na leseni?”

Hapo Mama Nukta angeweza kushangilia. Alifikiri kwanza.

“Usimhamishe Rula,” alisema. “Kazi yake imejengwa kule, ukimng’oa utaua vitabu. Mtu wa hesabu muulize, huenda akakubali. Mimi nilihama kwa sababu kule sikuwa na pa kukaa. Asiye na shida na alipo, mwache alale.”

“Hilo si jibu la kunipunguzia gharama.”

“Sikuja kupunguza gharama, mama. Nilikuja kuhariri.”

Mkurugenzi alicheka kicheko kifupi cha mtu asiyezoea, akafungua mlango.

Jioni hiyo Mama Nukta alimwandikia mzee wa nchi ya baridi kwamba anakubali usimamizi. Miezi kadhaa baadaye toleo jipya la sauti lilitoka, likaenda kwa kila aliyeutumia mfumo ule, bila mtu yeyote kuomba ruhusa ya yeyote. Naye akaanza kupokea barua. Ya kwanza ilitoka kwa karani mstaafu wa mahakama, asiyeona, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye na ambaye hakupoteza muda kwa shukrani. Sauti yenu, aliandika, inasoma neno “barabara” kama njia ya magari kila mahali, hata pale mtu anapomaanisha sawasawa. Mkazo wake ni tofauti, na kila mwenye Kiswahili anajua. Ni aibu. Rekebisheni.

Debe lilimsomea barua hiyo mpaka nukta ya mwisho. Mama Nukta alichomoa visikilizio. “Amepewa bure, na bado anafoka!” alimwambia mumewe. “Maneno yanaandikwa sawa herufi kwa herufi. Nitajuaje mimi lipi ni njia na lipi ni sawasawa?”

Mume alikuwa anafunga kamba za viatu, lori linamsubiri. “Kwani amekosea?”

Mama Nukta alivizungusha visikilizio vidoleni. “Hajakosea.”

“Haya.”

Alivaa visikilizio tena. Alilifikiria neno lile: likiwa njia, mara nyingi hutanguliwa na katika, au kando ya, au hufuatwa na ya. Likiwa sawasawa, hupenda kukaa baada ya kitenzi. Pangeweza kupatikana kanuni hapo, lakini sentensi alizokuwa nazo kichwani hazikutosha. Akaanza kuandika.

“Ndugu Karani, barua yako imenifikia na umesema kweli. Peke yangu sitaliweza neno hili. Naomba uniletee kila sentensi uliyonayo yenye ‘barabara’ ya aina zote mbili, hata za kwenye hukumu za zamani, nami nitazipanga nione zinatenganaje.”

Karani alizileta, lundo zima, nyingine ndefu mpaka mtu anasahau mshtakiwa alifanya nini. Mama Nukta akampigia simu wifi yake, wakaanza na ya juu kabisa.